Uchambuzi wa Kisa: Mbwa Asiyeweza Kubaki Peke Yake katika Nyumba ya Wanandoa Wafanyakazi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha wanandoa wawili walioajiriwa na mbwa wao jike, ambaye alishindwa kubaki nyumbani peke yake baada ya ratiba ya nyumba kubadilika. Kimeandikwa kwa idhini yao. Majina, mahali, aina ya kazi zao na maelezo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa, na wahusika wanatajwa kuwa mume, mke na mbwa tu. Kimechaguliwa kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo washauri wa tabia za mbwa hukutana nalo mara nyingi, ingawa maandishi mengi huligusia juu juu: mafunzo ya mbwa wa namna hii ni rahisi kuyaeleza, na kinachoyakwamisha kwa kawaida ni kalenda ya watu wawili ambao kila asubuhi wanatakiwa mahali pengine.

Usuli

Wanandoa hawa walimchukua mbwa akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka miwili, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama na isiyoweza kwenda naye. Alikuwa mbwa wa wastani kwa umbo, wa damu mchanganyiko, mwenye afya njema, aliyejua kujisaidia nje na mpole kwa wageni. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mke alifanya kazi akiwa nyumbani siku zote za juma, wakati mume alitoka asubuhi na kurudi jioni. Mbwa alilala chini ya meza ya kazi ya mke, na mke alipotoka kwa shughuli ndogondogo alizoea kutoka naye. Walipoulizwa baadaye ni mara ngapi katika kipindi hicho mbwa aliwahi kuachwa peke yake kwa zaidi ya saa moja, walitazamana, kisha wakakiri kwamba hawakumbuki hata mara moja.

Jibu hilo ndilo kiini cha usuli wote. Kukaa peke yake ni jambo ambalo mbwa hujifunza, na mbwa huyu hakuwa amepewa nafasi ya kujifunza katika nyumba yake mpya. Hali hiyo si ya ajabu. Mwaka 2020, watu wengi walipolazimika kubaki majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, maelfu ya mbwa waliishi miezi mingi bila kuona nyumba tupu, na madaktari wa mifugo walionya mapema kwamba tatizo lingejitokeza siku ambayo ofisi zingefunguliwa tena.

Hatimaye mwajiri wa mke aliwataka wafanyakazi wote warejee ofisini, kwa notisi ya wiki mbili. Wanandoa walizitumia wiki hizo kupanga usafiri, nguo na mambo ya jikoni. Kuhusu mbwa, walikubaliana tu kwamba atembezwe mapema zaidi kila asubuhi. Jumatatu ya kwanza wote wawili waliondoka, na mbwa akabaki peke yake kwa takriban saa tisa.

Mlolongo wa matukio

Siku ya kwanza ilipita bila uharibifu wowote. Jambo pekee waliloliona ni kwamba bakuli la chakula lilikuwa limejaa kama lilivyoachwa, na mbwa alikula chote mara tu mke alipoingia. Walidhani alikuwa amewasubiri kwa heshima. Kabla ya wiki kuisha, kiatu kimoja cha mke kilikuwa kimetafunwa. Wiki ya pili ulionekana mkojo karibu na mlango wa mbele, na wiki ya tatu fremu ya mlango huo ilikuwa imekwanguliwa kiasi kwamba vipande vya mbao na rangi vilitapakaa sakafuni.

Mume aliyachukulia matukio haya kuwa utundu, na wakati mwingine kisasi cha mbwa aliyedekezwa. Kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika nyumbani, alimwonyesha mbwa uharibifu na kumkaripia. Mbwa aliinamisha kichwa, akalaza masikio na kujikunyata ukutani. “Unaona, mke wangu? Anajua kabisa alichofanya,” alisema mume jioni moja. Mke hakuridhika na maelezo hayo, lakini hakuwa na maelezo mengine ya kuyapinga, na baada ya siku nzima kazini hakuwa na nguvu za mabishano.

Kisha jirani alipitisha karatasi chini ya mlango wao. Iliandikwa kwa lugha ya staha, na kwa siku nne mfululizo jirani huyo alikuwa ameorodhesha saa ambazo mbwa alianza kulia na saa alizonyamaza. Kilio kilianza dakika chache tu baada ya gari la pili kuondoka, kikaendelea kwa karibu saa nzima, kikakoma, kisha kikaanza upya. Mume alikasirika kwamba mtu anawahesabia saa. Mke aliihifadhi karatasi kwenye droo, na hatimaye ikawa ushahidi wa kwanza wa maana katika kisa hiki.

Kwa kuhofia ugomvi na majirani, walinunua kizimba cha waya na kumfungia mbwa humo. Siku ya pili walikuta nyaya mbili zimepindwa, damu kwenye ufizi na kucha moja ya mguu wa mbele imeng'oka nusu. Jioni hiyohiyo wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alitibu jeraha, akapima mkojo, akakagua meno na viungo, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: je, kati ya mambo haya yote, kuna lolote lililowahi kutokea mkiwa nyumbani? Hakuna. Mbwa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo hukojoa ndani hata wenye nyumba wakiwepo, na mbwa ambaye hajafundishwa vizuri kujisaidia nje hasubiri watu waondoke. Baada ya vipimo kurudi safi, daktari aliwaagiza mambo mawili: mbwa asirudishwe kizimbani, na arekodiwe akiwa peke yake. Baada ya hapo ndipo walipomtafuta mshauri wa tabia za mbwa.

Walichoonyeshwa na kamera

Simu ya zamani iliwekwa juu ya rafu ikielekezwa mlango wa mbele. Video ya kwanza ilikuwa ya dakika 40, na wanandoa hawakuweza kuitazama yote kwa mkupuo mmoja.

Mbwa anaonekana akimfuata mke kutoka chumba kimoja hadi kingine tangu anapochukua mkoba. Kabla hata mlango haujafungwa amekwisha kupiga miayo mara kadhaa na kulamba pua, ingawa hana usingizi wala njaa. Mlango unapofungwa anasimama ameinua mguu mmoja wa mbele, sikio limeelekezwa kwenye kitasa. Gari linaondoka. Kufikia dakika ya 3 anatembea kati ya mlango na dirisha, kwa njia ileile, bila kupumzika. Dakika ya 5 anaanza kubweka kwa sauti ya juu, kisha anatoa mlio mrefu wa kuomboleza. Dakika ya 9 anakwangua chini ya kitasa. Anahema mdomo wazi, mate yanamdondoka hadi manyoya ya kifuani yanaloa, na kipande cha nyama alichoachiwa sakafuni anakikanyaga zaidi ya mara moja bila kukinusa.

Mtu anayejua mbwa aliyechoshwa na ukimya wa nyumba ataona tofauti mara moja. Mbwa wa namna hiyo kwa kawaida hulala kwanza, huamka, huzurura, hutafuta cha kuchezea, hula chochote alichoachiwa, na uharibifu wake huangukia kitu chochote kinachofurahisha meno. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, hukataa hata chakula anachokipenda, na hushambulia milango na madirisha, yaani njia za kutokea. Bakuli lililojaa siku ya kwanza lilikuwa limekwisha kusema hayo yote, ila hakukuwa na mtu wa kulisoma.

Mshauri aliomba majaribio matatu mwishoni mwa juma: mume aondoke mke akibaki, mke aondoke mume akibaki, na wote waondoke pamoja. Mume alipotoka mbwa hakuinua hata kichwa. Mke alipotoka alilia kidogo mlangoni, kisha akaenda kulala miguuni pa mume. Walipotoka wote, ile taharuki ya video ya kwanza ikajirudia. Kwa maneno mengine, ingawa alimpenda mke zaidi, tatizo lilikuwa nyumba isiyo na mtu yeyote. Tangu mwaka 1998, watafiti wa Hungaria wakiongozwa na József Topál walipowapima mbwa kwa jaribio lililobuniwa kwa ajili ya watoto wachanga na wazazi wao, inajulikana kwamba uhusiano wa mbwa na mwenye mbwa unafanana kwa mengi na ule wa mtoto na mzazi. Katika kisa hiki, hata hivyo, mbwa alikubali mbadala, na hilo lilifungua mlango wa suluhisho ambalo lisingewezekana kama angemtaka mke peke yake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na mgumu kuliko yote, ulikuwa kwamba mbwa asiachwe peke yake kabisa katika kipindi chote cha mafunzo, isipokuwa kwa zile dakika chache za zoezi lenyewe. Sababu yake ni rahisi. Zoezi la jioni linamfundisha mbwa kwamba mlango ukifungwa hakuna baya linalotokea, na saa tisa za kesho yake zinamfundisha kinyume. Somo la saa tisa litashinda daima. Wenye mbwa wengi hukubali kanuni hii kwa kichwa na kuikataa kwa kalenda, jambo linaloeleweka kabisa, maana hakuna mwajiri aliyeajiri mbwa.

Wanandoa hawa walichora juma lao kwenye karatasi kubwa na kuibandika kwenye mlango wa friji. Mke aliomba na kupewa ruhusa ya kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa juma. Mume alibadilishiwa zamu moja ianze adhuhuri, ili mke awe anakaribia kurudi muda mfupi baada ya yeye kuondoka. Shangazi wa mume, aliyekwisha kustaafu, alikubali kukaa na mbwa siku moja nzima na kuziba mapengo madogo. Siku iliyobaki mbwa alipelekwa kwenye kituo cha kulea mbwa mchana, ambacho kiligharimu fedha za kutosha kuwafanya waahirishe mambo mengine. Jioni za matembezi, harusi, misiba na wageni viliingia kwenye karatasi hiyohiyo. Kwa miezi kadhaa hawakutoka pamoja jioni bila kwanza kutafuta mtu wa kukaa nyumbani, na mara nyingi alikwenda mmoja tu na kumwombea radhi mwenzake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kukaripia. Mume ndiye aliyeukataa kwa muda mrefu, na hoja yake ilikuwa ile sura ya mbwa: kama hakujua amekosa, kwa nini alijikunyata? Mshauri alimweleza kuhusu utafiti wa mwanasaikolojia Alexandra Horowitz uliochapishwa mwaka 2009. Katika jaribio hilo wenye mbwa waliambiwa mbwa wao amekula kitu alichokatazwa au hakukila, na si kila mara waliambiwa ukweli. Mbwa walionyesha ile sura ya hatia walipokaripiwa, wawe wamekosea au hawakukosea. Sura hiyo ni itikio kwa mtu aliyekasirika. Kwa mbwa huyu, karipio lilimaanisha kwamba hata kurudi kwa watu wake kulianza kumtisha, juu ya hofu aliyokuwa nayo ya kuondoka kwao. Mume alikubali baada ya kujitazama mwenyewe kwenye video akiingia nyumbani: mbwa alikuwa anajikunyata tangu aliposikia ufunguo, kabla mume hajaona uharibifu wowote, na siku hiyo hakukuwa na uharibifu.

Tatu, walianza kumzoesha hatua kwa hatua. Njia hii ilitoka kwenye tiba ya hofu za binadamu, ambako katika miaka ya 1950 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba mgonjwa akikutanishwa na kile anachokiogopa kwa kiasi kidogo kisichomtia hofu, kisha kiasi kikaongezwa polepole, hofu hupungua. Kwa mbwa, kiasi hupimwa kwa mlango na muda. Zoezi lilianza kwa kushika kitasa na kurudi kukaa, kufungua mlango bila kutoka, kutoka na kurudi papo hapo, kisha kukaa nje kwa sekunde kadhaa. Muda haukuongezwa kwa mfululizo ulionyooka. Ulipanda na kushuka ili mbwa asijifunze kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita. Aliye nje alimtazama mbwa kupitia simu na kurudi kabla ya dalili za kwanza, yaani kabla ya miayo, kulamba pua na ule mguu ulioinuliwa. Mazoezi yalikuwa siku tano kwa juma, yasiyozidi nusu saa, na siku mbili za kupumzika.

Pamoja na hayo walijaribu kuondoa uzito wa ishara za kuondoka, kwa kuchukua funguo na kuvaa viatu kisha kukaa sebuleni. Kwa maoni ya mwandishi, sehemu hii ilikula muda mwingi kuliko faida yake. Mbwa alizoea funguo, lakini alihamishia mashaka yake kwenye mkoba, na kutoka kwenye mkoba hadi sauti ya bomba la bafuni.

Uamuzi wa nne ulihusu dawa, nao ulichelewa. Daktari wa mifugo aliipendekeza mapema. Mke alikuwa tayari. Mume alisema hataki kumlewesha mbwa ili majirani wapate usingizi. Daktari alieleza kwamba dawa aliyoikusudia, fluoksetini, si ya kulaza. Huongeza upatikanaji wa serotonini, kemikali inayohusika na hisia, katika ubongo, huchukua wiki kadhaa kabla matokeo yake hayajaonekana vizuri, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha aina yake ya mbwa mwaka 2007 kwa tatizo hilihili, kwa sharti kwamba iende pamoja na mafunzo. Dawa nyingine ya tatizo hili, klomipramini, ilikuwa imetangulia kuidhinishwa mwaka 1998. Mume hakushawishika wakati huo. Alikubali baada ya zaidi ya mwezi, mazoezi yalipokwama kwenye dakika 4 na kila jaribio la kuvuka hapo likarudisha miayo.

Walijadili pia kuleta mbwa wa pili, wakaacha. Majaribio matatu yalikuwa yameonyesha kwamba mbwa huyu alihitaji mtu, na hakukuwa na sababu ya kudhani mbwa mwenzake angejaza nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, nyumba iliyoshindwa kupanga ratiba ya mbwa mmoja haina haraka ya kupata wa pili.

Matokeo

Wiki za mwanzo za dawa mbwa alipunguza hamu ya chakula, kisha ikarudi. Kufikia wiki ya sita mazoezi yalivuka dakika 10, na tangu hapo maendeleo yakawa ya kasi zaidi, kama ilivyo kawaida: sekunde na dakika za mwanzo ndizo huchukua muda mrefu, na mbwa anayeweza kukaa kwa utulivu dakika 40 mara nyingi anaweza kukaa saa moja na nusu bila shida kubwa.

Kulikuwa na kurudi nyuma kukubwa mara moja. Mume, akiwa peke yake na zoezi na akiwa na haraka ya kumaliza, aliruka kutoka dakika 12 hadi 30. Mbwa alikwangua mlango. Ilichukua karibu wiki mbili kurejea dakika 12, na kwa siku kadhaa mume na mke walizungumza kuhusu mambo ya lazima tu.

Baada ya takriban miezi sita tangu kuanza mafunzo, mbwa aliweza kukaa peke yake kwa saa nne. Video za kipindi hicho hazina cha kutazamwa: anafuatilia mlango kwa dakika mbili au tatu, anapanda kochi, anazunguka, analala. Jirani hakuleta karatasi nyingine. Dawa ilianza kupunguzwa miezi kadhaa baadaye, kwa dozi ndogondogo na chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa haifai kusitishwa ghafla. Wanandoa walisimama kwenye saa nne. Leo mtu wa kulipwa huja mchana kumtoa mbwa nje, shangazi huja siku moja kwa mapenzi yake, na mke amebaki na siku zake mbili nyumbani.

Uchambuzi: kilichofaa

Kamera ilifanya kazi kubwa kuliko chombo kingine chochote. Iliondoa ubishi wa kama mbwa ni mtundu au ana hofu, ikampa mume nafasi ya kubadili msimamo bila kushindwa na mkewe, na ikawa kipimo cha maendeleo. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu wenye mbwa wengi hupima kwa samani: kisipoharibika kitu, wanaamini siku ilikuwa njema. Mbwa anaweza kuhema na kutembea kwa saa nne bila kugusa kitu chochote.

Kuacha kumwacha peke yake ndiko kulikoyapa mazoezi maana. Inafaa kuona kwamba mpango wenyewe haukuhitaji watu wenye ujuzi. Shangazi hakumfundisha mbwa lolote. Alikaa tu, akasoma, akalala mchana. Kazi iliyoonekana kubwa ya kumponya mbwa iligawanyika katika kazi mbili: nusu saa jioni inayohitaji uangalifu, na saa nyingi za mchana zinazohitaji mwili wa mtu kuwepo ndani ya nyumba. Hizi za pili ndizo zilizokuwa adimu.

Haiwezekani kusema ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana na dawa na kiasi gani na mazoezi, kwa kuwa vilikwenda pamoja. Hata hivyo, mwezi uliokwama kwenye dakika 4 na mabadiliko yaliyofuata yanatosha kusema kwamba kungoja kulikuwa na gharama, na kwamba dawa haipaswi kuwekwa mwisho wa orodha kana kwamba ni adhabu ya walioshindwa kufundisha.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kizimba kilimuumiza mbwa na kingeweza kumvunja meno. Mbwa aliyezoeshwa kizimba taratibu anaweza kukipenda. Mbwa anayetafuta njia ya kutoka akifungiwa humo hutumia mdomo na makucha. Matembezi marefu ya asubuhi yalikuwa mazuri kwa afya yake na hayakugusa hofu, kwani mchovu naye huogopa.

Jambo ambalo halikutarajiwa ni kushindwa kwa mpira wa kujazwa chakula. Kabla ya kuja kwa mshauri, mke alikuwa ameanza kumwachia mbwa mpira huo kila alipoondoka, kama miongozo mingi inavyoshauri. Kwa mbwa aliyechoshwa na ukimya ni zawadi nzuri. Mbwa huyu aliuona ukitolewa kwenye friji na kuanza kutetemeka, kwa sababu haukuwahi kuonekana isipokuwa siku ya kuachwa. Ulikuwa umejiunga na mkoba na funguo. Walipouondoa kwenye safari za kutoka na kumpa jioni wakiwa wote sebuleni, ilichukua muda kabla hajaukubali tena.

Lililoharibika zaidi, na ambalo halionekani kwenye video yoyote, ni mgawanyo wa mzigo. Karatasi ya friji iligawa saa kwa kufuata ni mwajiri wa nani aliye mpole, na kwa kuwa mwajiri wa mke ndiye aliyekubali siku za nyumbani, mke alijikuta akibeba siku nyingi zaidi, mazoezi mengi zaidi, mawasiliano na daktari, na simu za kumshukuru shangazi wa mume. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Liliibuka kwa hatua ndogondogo ambazo kila moja ilikuwa na sababu nzuri. Ule mruko kutoka dakika 12 hadi 30 haukutokana na uzembe peke yake; mume alikuwa anafanya zoezi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, hakujua mbwa alikuwa wapi katika ratiba, na daftari la kumbukumbu lilikuwa kwenye simu ya mke. Baada ya tukio hilo walihamisha kumbukumbu kwenye karatasi ya friji, na kila mmoja akawa na jioni zake maalumu za zoezi. Kama ingefanyika wiki ya kwanza, huenda kurudi nyuma kule kusingetokea.

Kwa mshauri anayepokea kisa cha aina hii, maswali kuhusu watu yanafaa yaulizwe mapema kama yale ya mbwa: ni nani atakayemwomba mwajiri ruhusa, ni nani atakayekosa harusi, ni nani atakayempigia shangazi simu, na mmoja akiugua mazoezi yatafanywa na nani. Majibu yake hutabiri mwendo wa mafunzo vizuri kuliko umri wa mbwa au aina yake.

Kuhusu kusimama kwenye saa nne

Mume alitaka waendelee hadi siku nzima ya kazi, na hoja yake ilikuwa ya fedha: mtu wa mchana analipwa kila juma. Mshauri alishauri wasimame. Mashirika mengi ya ustawi wa wanyama nchini Uingereza hutaja saa nne kuwa kikomo cha kumwacha mbwa aliyekomaa peke yake, na kanuni za Uswidi zinataka mbwa anayeishi ndani atolewe nje, wakati wa mchana, angalau mara moja katika kila muda wa saa sita. Mume alipouliza kwa mara ya mwisho kama mbwa angeweza kuzoeshwa saa tisa, alijibiwa kwamba huenda angeweza, ila bado angehitaji kutolewa nje kukojoa katikati ya siku, na kwa hiyo mtu wa mchana angelipwa vilevile.